Udongo wa Sharon

...na hili ini nalo limekataa kushuka, analitafuna upande wa kushoto, analihamishia wa kulia, limeshakuwa kama kipande cha ndala, na ladha yake ni ileile, ladha ya msumari, kila kitu siku hizi kina ladha ya msumari, ugali msumari, maji msumari, hata komunyo leo asubuhi... Mungu amsamehe, hata komunyo ilipogusa ulimi ilikuwa na ladha ya msumari, sasa inakuwaje mdomo wa mtu ujae chuma hivi halafu hospitali waseme chuma hana, madini ya chuma yako chini sana, mama, ndivyo alivyosema nesi Salome, chini wapi, chuma kiko hapa kwenye meno kinamkereketa, pengine kimepotea njia, kimepanda juu badala ya kuingia kwenye damu. Bertilla anainua pindo la khanga kama mtu anayejifuta midomo, anakitemea humo kile kipande, analikunja pindo taratibu na kuliweka mapajani. Ng'ambo ya meza wifi yake anaendelea kuongea, hajaona, au ameona anajifanya hajaona, Kristiana hakosi kuona kitu, dada mtu wa Alois mumewe huyu, tangu Bertilla aolewe nyumba hii Kristiana anaona kila kitu na kukisema, isipokuwa jina la ugonjwa, hilo halitamki, anasema "lile jambo", kama anavyosema sasa, "mimi nakwambia wifi, hiyo nyama ndiyo inayolilisha lile jambo, unakula wewe linashiba lenyewe, ona ulivyokonda, ungekuwa unakula kwa ajili yako ungekonda hivyo?" na Bertilla anaitikia "mmh", maana ndiyo neno pekee lisilohitaji nguvu, na anaitazama sahani, vipande vinne vimebaki, au vitano, macho nayo siku hizi yanacheza, anatazama kitu kinakuwa viwili kisha kinarudi kuwa kimoja.

Upepo wa Julai unasukuma pazia, baridi ya Sumbawanga haina huruma na mtu asiye na damu, amevaa masweta mawili na bado vidole vimekuwa vyeupe kama vya mtu aliyekuwa anaosha vyombo, na pale dirishani amesimama Sharon, mke wa mwanawe Evans, na simu mkononi, mtandao nyumba hii unashika dirishani tu, na simu yenyewe ilishaharibika sehemu ya kusikilizia sikioni, ni lazima aweke sauti ya nje, kwa hiyo nesi Salome anasikika akitoka huko aliko kama mtu anayeongea ndani ya debe, "...vidonge vya damu anameza?" na Sharon anajibu, "Anameza, dada, namuona kwa macho yangu," na nesi tena, "na chai...?" na upepo unachukua kilichobaki. Chai. Hata chai wamemkataza, si kabisa, asinywe pamoja na chakula, asubiri kwanza, eti chai inakinyima chuma njia ya kuingia, na yeye tangu akiwa binti pale Mwazye ugali na maharage vilifuatwa na chai ya rangi, hakuna aliyekufa, au walikufa na hakuna aliyejua ni chai... Ale maini, ale maharage, ale majani ya maboga, na chungwa pembeni, chungwa linakisaidia chuma, huyo ni nesi. Asile nyama, ale uji wa ulezi mtupu bila sukari maana sukari nayo inalilisha lile jambo, huyo ni Kristiana, aliyeshuka juzi kutoka Mwazye na debe zima la ulezi kichwani kwa mtu. Anywe maji ya bitiruti, ni mekundu kama damu yenyewe, huyo ni jirani. Wa jumuiya wakaja kusali wakaacha chupa ya maji ya rozela, na yule mwanamume mwenye duka la dawa za miti akasema maziwa, asiguse, kisha mke wake akasema maziwa, anywe sana. Bertilla alikuwa anayajua haya yote vizuri, alikuwa anaweza kumweleza mtu nani alisema nini, lakini sasa yamechanganyika kama mahindi na maharage kwenye makande, anashika kijiko na hajui kijiko hiki kinamlisha nani, kinamlisha yeye au kinalisha kile kilicho ndani ya kizazi chake, na kama wote wawili wanakula sahani moja, nani anashiba kwanza.

Damu. Yote ni kwa sababu ya damu. Walipofika Mbeya mara ya mwisho, yeye na Alois, wamesafiri mchana kutwa, walimpima wakatikisa kichwa, damu hii haitoshi, mama, dawa hii ni kali, tukikutundikia hivi itakuangusha, rudi nyumbani ukale, damu ipande, ndipo urudi, na Alois akauliza ale nini, na Alois si mtu wa kuuliza, ni fundi seremala, anapima, anakata, hasemi, lakini siku hiyo aliuliza mpaka daktari akakaa chini kumjibu. Ndiyo maana kila Jumapili baada ya misa Alois anapitia buchani hapa hapa Katandala, anarudi na ini limefungwa, anamkabidhi Sharon kwa mikono miwili kama anayekabidhi sadaka, halafu anatoka, anatembea tu mitaani, hawezi kukaa akamtazama mkewe anavyohangaika na kijiko. Na Sharon anapika. Anapika kwa kitunguu, kwa nyanya, kwa limao, wiki hii kasaga, wiki ile kakaanga, na damu haipandi, walimwongezea chupa ya damu ya mtu ikapanda, ikashuka, walipompima tena walishangaa, unakula kweli, mama? Anakula. Anakula na anatokwa, kama debe lililotoboka. Anakula na... hapana, hilo asiliwaze sasa, Kristiana yupo mbele yake, na Kristiana anaweza kuona mpaka mawazo.

Lakini linakuja lenyewe. Liko chumbani, chini ya mto, kwenye kopo la poda lililokwisha poda. Analisikia harufu kutoka hapa, haiwezekani lakini analisikia, harufu ya ardhi iliyonyeshewa mvua ya kwanza, na mate yanamjaa, mate yaliyogoma kwa ini la Alois yanatoka yenyewe kwa ajili ya udongo. Ilianza lini... ilianza siku Sharon alipomwaga maji uani kutuliza vumbi, yeye amekaa kwenye kigoda juani, ile harufu ikampanda puani mpaka utosini, akainama kama anayeokota kitu, akaokota kweli, kipande kidogo tu cha ukuta wa jiko la zamani, akakiweka mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu wamtundikie yale maji ya dawa kule Mbeya kitu kikawa na ladha yake, hakikuwa na msumari, kilikuwa udongo na kina ladha ya udongo. Alilia pale juani kwa furaha, Sharon akadhani anaumwa. Baada ya hapo ukuta ukaanza kuonyesha alama, akaona aibu, akaenda sokoni kwa bodaboda siku Sharon yuko kwenye mkutano wa vikoba, akamkuta yule mama anayeuza dagaa na pembeni ameweka udongo wa kichuguu uliochomwa, vibonge vya kijivu vimepangwa mafungu, ule wanaonunua wajawazito, akanyoosha kidole, na yule mama akamtazama, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, kilemba kimefunika kichwa kisicho na nywele, akacheka kidogo, "Wako, mama Evans?" na mdomo wa Bertilla ukajisemea wenyewe, "Wangu wa nini tena, ni wa mkwe wangu." Ndivyo ulivyojisemea. Yule mama akang'aa uso wote, akaongeza kibonge, "hicho cha mtoto," na Bertilla akakipokea, akasema asante, akapanda bodaboda, na njia nzima alikuwa anajiambia atarudi kumwambia si kweli, na aliporudi ilikuwa ni kununua mwingine.

"Wifi, unanisikia?" Kristiana anasema, na sasa ameinama juu ya meza, na amebadilisha lugha, ameingia kwenye Kifipa kama mtu anayeingia chumbani na kufunga mlango, maana Sharon ni wa Tabora, Sharon hasikii Kifipa, ndivyo nyumba nzima inavyoamini, na kwa Kifipa Kristiana anasema leo nje ya kanisa yule muuza dagaa amemshika mkono, amempa hongera, mtapata mjukuu, na yeye Kristiana amesimama pale kama mjinga, ndugu wa damu, anapewa habari za nyumba ya kaka yake na muuza dagaa, kwa nini anafichwa, miaka mitatu wamesali, yeye mwenyewe amefunga, amewasha mishumaa, leo Mungu amejibu na wanamficha... Bertilla anatazama dirishani. Mgongo wa Sharon umekakamaa. Hajageuka, bado anasema "ndiyo dada, ndiyo" kwenye simu, lakini bega limepanda juu kidogo na limebaki pale, na Bertilla anakumbuka jioni moja mwezi uliopita Alois alitoa mzaha kwa Kifipa, mzaha wake mmoja wa mwaka, na aliyecheka wa kwanza alikuwa Sharon, kabla ya mtu yeyote, halafu akajiziba mdomo. Anasikia. Miaka mitatu yumo nyumba hii, kwa nini asisikie, nani aliwahi kumuuliza, wamekuwa wanamsema mbele yake kwa Kifipa, tumbo lake, mwendo wake, yule daktari waliyempeleka kwake, na yeye anaosha vyombo. Msichana huyu aliyezifua khanga za Bertilla zenye damu kwa mikono mitupu, mpaka nesi Salome akampa glavu na kumgombeza, msichana ambaye kila mwezi kuna siku moja anafungulia bomba bafuni kwa nguvu na kukaa humo muda mrefu, na wote wanajua bomba linaficha nini, na hakuna anayegonga. Kwake ndiko Bertilla alikoenda kukopa tumbo la kuficha udongo wake. La kwake mwenyewe limeoza, la huyu halijajaa, nyumba nzima inazunguka vizazi viwili kama watu waliopotelea porini, na yeye akatia na uongo juu yake.

Aseme sasa. Amwambie Kristiana, si kweli, yule mama amekosea. Lakini Kristiana atauliza udongo ulikuwa wa nani, na udongo ukiwa wa Bertilla basi... anaijua habari ya udongo, anaijua kuliko wote, maana alimuona mama yake. Mwazye, nyumba ya nyasi upande wa bondeni, mama yake amelala kwenye mkeka, amekuwa mwepesi mpaka Bertilla, binti mdogo, alikuwa anamgeuza peke yake, na mama hali, uji unamwagika pembeni mwa mdomo, lakini usiku kunasikika kwaruu, kwaruu, na asubuhi ukuta karibu na mkeka una kovu jipya, na kucha za mama zina udongo, na meno, na wale wanawake waliokuja kumtazama waliuona ukuta wakatazamana, na mmoja akasema polepole, siyo polepole ya kutosha, ardhi imeshaanza kumwita. Na ikamwita kweli, haikupita muda. Bertilla alilibeba neno hilo kama mtu anavyobeba mwiba uliovunjikia ndani ya nyayo, umri wote, na siku ile uani, aliposikia kile kipande kikiyeyuka kwenye ulimi na utamu wake unampeleka mbali, chini ya ile furaha alisikia pia, ahaa, ndiyo hii. Sasa ni zamu yangu. Na ajabu ni kwamba hakuogopa sana, alianza hata kujipanga, alitenga khanga moja mpya hajaivaa, alimwonyesha Alois mahali zilipo karatasi za kiwanja, Alois akatoka nje akaenda kupiga randa ubao usiokuwa wa kazi yoyote. Akitaka kujidanganya anakumbuka jambo lingine, kwenye shamba la babu yake kulikuwa na mnara wa udongo uliobomoka, tanuru la wazee, na babu alisema wazee wa Ufipa walikuwa wanachimba ardhi nyekundu, wanaipanga humo na mkaa, wanawasha, kinatoka chuma, kinakuwa jembe, kwa hiyo chuma kinatoka kwenye udongo, si ndiyo, basi kama mwili unatafuta chuma si unaenda kutafuta kule kilipo, labda mwili wake una akili kuliko wote hawa, labda hicho kibonge cha kijivu ndicho dawa na haya maini ndiyo uongo... anazunguka hapo, anafika, anarudi, ni dawa, ni mwito, ni dawa, ni mwito, na kopo linapungua.

"...Sharon, kuna kitu kingine nataka umuulize," debe linasema dirishani, "lakini kwa upole, usimshtue, watu wengi wanaona aibu..." na Kristiana juu yake, kwa Kiswahili tena, kwa sauti ya wazi, "mimi simlaumu mtu, nasema tu mtoto akija aje na heri, uji huu wa ulezi hata yeye anywe, unaongeza maziwa," na nesi chini ya hayo, vipande vipande, "...kutamani vitu visivyo chakula... mkaa, mchele mbichi, wengine barafu... udongo hasa..." na Bertilla anasikia neno hilo likitoka kwenye simu, udongo, limesemwa tu hivi hivi, kama mtu anavyosema chumvi, na Kristiana anafungua mdomo tena na Bertilla anasema, "Nyamaza, wifi." Hajawahi. Tangu aolewe hajawahi kumwambia dada wa mume wake neno hilo, na Kristiana ananyamaza, si kwa utii, kwa mshangao, na katika kimya hicho sauti ya nesi inafika yote, "siyo tabia mbaya na siyo uchawi, mwambie hivyo, ni damu yenyewe, chuma kikipungua sana mwilini mtu anapata hamu hiyo, hata sisi hospitali tunaiona kila wiki, kwa wajawazito, kwa watoto, kwa wagonjwa kama mama. Shida ni kwamba udongo haumpi hicho chuma, unakikamata kile cha kwenye chakula unapita nacho, na una minyoo, na minyoo inanyonya damu. Kwa hiyo mtu anakula maini yake vizuri, halafu anakula udongo, anabaki palepale. Simgombezi, usimgombeze na wewe. Nataka tu nijue, ili kesho mkija tumpe dawa ya minyoo, tumpime vizuri, na kama chakula na vidonge havitoshi tuone kumwongezea kwa njia nyingine. Anatokwa damu bado, chakula peke yake kinaweza kisifue dafu, lakini tusikipoteze."

Kila wiki. Tunaiona kila wiki. Bertilla ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili kwa sababu chumba kimeanza kwenda taratibu upande mmoja, si kizunguzungu cha kawaida hiki, au ni kile kile, hajui, anasikia tu maneno yakigongana kichwani, ni damu yenyewe, haumpi chuma, unakikamata, basi babu na tanuru lake... lakini wazee walitumia moto, mkaa, mivukuto, siku nzima, yeye tumboni ana moto gani... na siyo mwito. Kama ni damu tu basi hakuna aliyekuwa anaita. Ukuta ule wa Mwazye haukumwita mtu. Mama alikuwa na njaa, njaa ya kitu kimoja, njaa yenye jina, ambayo msichana wa hospitali anaitaja kwenye simu Jumapili mchana huku pengine anakunja nguo zake, na wale wanawake waliojaa nyumba nzima hakuna aliyemuuliza mama unatamani nini, kwa nini, tangu lini, walitazama ukuta wakaanza kuongea habari za kaburi, na yeye Bertilla akauziba ule ukuta kwa udongo mwingine alioukanda mwenyewe ili wageni wasione, mtoto mdogo, akijua anamsitiri mama yake. Labda angekufa vilevile. Labda asingekufa. Hapo hana wa kumuuliza. Na yeye mwenyewe... anajipekua kutafuta furaha, si ingepaswa afurahi, haitwi, lakini anachokuta ni kama mtu aliyefungasha mizigo, ameaga, amekaa kituoni, anaambiwa gari hilo halikuwa lako, rudi nyumbani, kuna kazi. Alikuwa ameanza kuzoea. Kuitwa kuna heshima yake, mtu anakaa, anasubiri, watu wanapita taratibu. Sasa anatakiwa kula. Anatakiwa kwenda kesho, kuchomwa, kumeza dawa ya minyoo kama mtoto wa shule, na lile jambo, kansa, aliseme tu, kansa, bado ipo palepale, haikusema chochote, nesi hakusema atapona, alisema tusikipoteze chakula, hicho tu, na Bertilla anajikuta anahesabu upya vipande vilivyobaki kwenye sahani.

"Hapana, dada," Sharon anasema kwenye simu, "mama hali udongo, mimi ndiye ninayempikia, ningejua." Na anaposema ningejua sauti inapungua, inakuwa kama mtu anayeshuka ngazi na kukuta ngazi moja haipo, na anageuka. Anamtazama Bertilla. Bertilla anaona kila kitu kikipita kwenye uso ule mdogo, muuza dagaa, hongera, Kifipa chote cha mezani, ukuta wa jiko la zamani, anaona kinavyoungana, na anangoja hasira, anaistahili, anaitaka hata. Lakini Kristiana ameshapata pumzi, na Kristiana anacheka kwa upole, kwa upole kweli, si mtu mbaya, miaka mitatu amefunga na kuwasha mishumaa, anasema, "Basi si umwambie nesi tu, mwanangu, unaogopa nini, udongo si wa mama, ni wako, mimba siyo kosa." Simu inanguruma kidogo mkononi mwa Sharon, "Sharon? Upo?" Na Sharon anaangalia sakafu, na halafu, bila kumtazama mtu, anasema, "Ndiyo, shangazi. Udongo ni wangu."

Amesema. Ameuchukua. Kristiana ameweka mikono yote miwili kifuani, ameanza kuinuka, atamkumbatia, atapiga simu Mwazye, kesho kanisa zima, na baada ya miezi watahesabu, na watatazama tumbo lile, na bomba la bafuni litafunguliwa kwa nguvu, kwa nini amesema hivyo, kwa nini mtoto huyu amesema hivyo, ameona nini kwenye uso wa Bertilla mpaka akaamua kuubeba, ameona aibu, ameona mtu anayetaka kufichwa, kama yeye Bertilla alivyouziba ukuta kwa mikono yake, msitiri, msitiri mama, na mama akafa amesitiriwa vizuri. Na jambo moja, moja tu katika yote haya yanayozunguka, linasimama, hajui kama atapona, hajui nyama au ulezi, hajui chuma kikoje mpaka kiwe kwenye jembe na kwenye damu pia, lakini hili linasimama. "Si wake," Bertilla anasema. Sauti haikutoka, au imetoka ndogo, Kristiana ameshafika katikati ya chumba na mikono imefunguka. "Wifi, kaa chini. Sharon hana mimba. Nilimsingizia. Udongo ni wa kwangu, ninakula mimi, uko chumbani chini ya mto." Halafu kwa Kifipa, akimtazama Sharon usoni na si Kristiana, anasema nisamehe mwanangu, na Sharon hangoji mtu amtafsirie, anaitikia kwa kichwa. Kristiana amebaki amesimama, mikono hajui aipeleke wapi, anamtazama huyu, anamtazama yule, anasema, "Udongo? Wewe?" na kwenye neno hilo wewe Bertilla anawasikia wale wanawake wa Mwazye wote, walivyotazamana, anajua Kristiana naye anauona ukuta, kila mtu pale kijijini aliuona ukuta ule, na anamwambia, "Si mwito, wifi. Umemsikia nesi. Ni damu."

"Lete simu," anasema, na Sharon anauvuta waya wa chaji, anasogea na simu mpaka mezani, mtandao unakatika, unarudi, pazia linapanda na kushuka, Kristiana amekaa, pembeni kabisa mwa kiti, na sauti inatoka ikiwa karibu sasa, siyo ya debe, sauti ya mtu tu, msichana mwenye mafua kidogo, "Shikamoo mama. Nimesikia. Asante kwa kuniambia. Tangu lini, mama?" Na Bertilla anafungua mdomo kujibu ni tangu ile siku ya maji uani, ndilo jibu lenyewe, ndilo wanalolihitaji hospitali, lakini linalokuja mdomoni ni jingine, ni mkeka, ni kwaruu, kwaruu, na hajui kama nesi ana muda wa kusikiliza habari za mtu aliyekwisha kufa zamani kiasi hicho, na hajui aanzie wapi, anasema, "Marahaba, mwanangu... ngoja nikuulize kwanza. Mama yangu naye alikula."